Kaburi la Juu ya Chemchemi

Maji yalikuwa yananuka mafuta ya maiti. Bathsheba ndiye aliyeitambua harufu hiyo kwanza, maana ni mikono yake iliyompaka mumewe, Ratemo, kabla hajazikwa.

Ilikuwa mwaka wa 1971, mvua za masika zikipiga vilima vya Keroka. Mila ilitaka Ratemo alale uani kwake. Lakini Mogaka, kaka yake mkubwa, aliumezea mate uwanja ule, akakataa katakata. Kaburi likachimbwa mteremkoni, hatua kumi juu ya chemchemi iliyonywesha kijiji kizima.

Wiki ya tatu watoto wakaanza kuhara. Wawili wakafa. Nehemiah, mwana wa pekee wa Bathsheba, akalala hoi. Bwana Afya Obura, mtu wa kutoka ziwani, akaja na chupa zake za kupimia maji. Akatazama kaburi, akatazama maji.

“Mzee, mnamnywa marehemu,” akamwambia Mogaka. “Mhamisheni.”

“Mgeni atufundishe kuzika? Toka kwa shamba yangu kabla sijakuvunja mguu!”

Adhuhuri Bathsheba akashuka kuteka, hakuwa na maji mengine ya kumchemshia mtoto. Vyura walikuwa kimya. Alipoinama akasikia kikohozi kikavu, kikohozi cha Ratemo, kikitoka chini ya maji, na mtungi ukawa mzito mikononi mwake kana kwamba mtu ameushika upande wa pili, akavuta, nao ukavutwa, hadi uso wake ukakaribia kugusa maji na sauti ikamwingia sikioni na ubaridi wake: “Mama Nehemiah, kaka amenitupa. Mwambie anitoe. Asiponitoa, nitamnywa.”

Akamkimbilia Mogaka.

“Shemeji,” akanong’ona, “amesema nami.”

“Nani?”

“Usinitajishe. Mtoe pale, nakusihi. Amesema usipomtoa, atakunywa wewe.”

Mogaka akacheka. Akashuka mwenyewe, akachota kibuyu tele, akakinywa chote mbele yake, akajifuta mdomo. “Haya. Aninywe.”

Kufikia jioni alikuwa na kiu isiyokatika. Akanywa mitungi, akanywa maji ya ng’ombe, midomo ikazidi kupasuka, ngozi ikamnywea mifupani kama ganda la ndizi lililoanikwa, na alfajiri ya siku ya tatu akafa mkavu, kichwa kikiwa ndani ya sufuria.

Wazee hawakubishana tena. Asubuhi hiyo hiyo walimfukua Ratemo, wakamzika uani kwake. Obura akamwaga chokaa mteremkoni. Nehemiah akaomba uji, Bathsheba akalia kwa shukrani.

Mchana wakaanza kaburi la Mogaka, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo hapajawahi kuonekana hata unyevu. Wachimbaji walipofika kiunoni, jembe likazama. Maji yakapanda, meusi, ya baridi, wakaruka nje wakipiga mayowe. Walichimba pengine, yakapanda. Pa tatu, yakapanda hadi ukingoni, yakatulia.

Kisha, mbele ya waombolezaji wote, kutoka ndani ya shimo, sauti ya Ratemo ikasema taratibu:

“Mleteni. Bado nina kiu.”