Sweta la Mama Primus

Jioni ile nilipanda mlimani, Uru, kwa rafiki yangu Gladness kufumua sweta.

Sisi wanawake wa kwaya tuna mtindo wetu. Mwenzetu akikaribia kujifungua, tunamfumia mtoto blanketi na kofia kwa sufu ya masweta ya zamani ya familia, ili avae kitu kilichowahi kumpa joto bibi yake.

Gladness alikuwa na mimba ya miezi minane. Sweta lilikuwa la marehemu mama mkwe wake, Veronika, ambaye wote tulimwita Mama Primus kwa jina la mwanawe. Primus, mume wa Gladness, alikuwa njiani akirudi kutoka mji wa Mkuu.

"Kaa chumbani kwa mama, dirisha lake lina mwanga," Gladness aliniambia. "Nachemsha maziwa, nakuja."

Jiko lilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa chumba kile. Niliketi kitandani, nikatafuta ncha ya uzi shingoni mwa sweta, nikavuta. Uzi ulikuja vizuri. Kahawia, laini. Mlango ukajifunga taratibu... nikadhani ni upepo.

Nilipofika kifuani, upande wa kushoto, uzi ukagoma.

Nikalisogeza dirishani. Ndani ya sufu kulikuwa na nywele. Fupi, nyororo, za mtoto mchanga. Mtu alikuwa amezisokota pamoja na uzi, kwa subira.

Nikachukua mkasi.

Jikoni, Gladness akaguna.

"Gladi?"

"Tumbo... limebana ghafla."

Nikauweka mkasi chini. "Limeachia," akasema. Nikauchukua tena, ukagusa uzi. Safari hii alilia kwa sauti ndefu, na sufuria ikaanguka.

Nikakimbilia mlangoni. Kitasa kilizunguka, mlango haukusogea. Dirisha lilikuwa na nondo. Simu yangu nilikuwa nimeiacha sebuleni. Nilimwita Gladness, akajibu kwamba yuko chini na hawezi kuinuka. Nje, migomba ilishakuwa myeusi.

Kisha ikaja harufu. Maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo.

Godoro likabonyea.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Sikujua la kufanya. Nikasalimia, kama nilivyomsalimia siku zote alipokuwa hai.

"Shikamoo, mama."

Halafu pumzi.

"Marahaba... Mwanangu unampeleka wapi?"

"Sijamchukua, mama. Yupo hapa."

"Mrudishe."

Uzi nilioufumua ulikuwa umezunguka mikono yangu. Sikuwa nimeuzungusha mimi. Nikavuta, ukakaza. Nikaketi kando ya lile bonde la godoro, nikatoa sindano zangu, nikaanza kulifuma sweta upya gizani, kwa kupapasa.

Nikiacha, Gladness analia upande wa pili wa ukuta. Nikiendelea, ananyamaza. Begani nilihisi joto, kama mtu ameinama kuangalia kazi. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kitanzi kimoja kikiniponyoka, mtoto wa rafiki yangu ndiye atakayeponyoka.

Sijui nilifuma kwa muda gani. Primus alifungua mlango kwa kuusukuma tu.

"Shemeji, mbona umekaa gizani? Mlango huu hauna hata komeo."

Tulimkimbiza Gladness hospitali. Alijifungua alfajiri. Msichana, mdogo lakini mzima.

Sweta nilimpelekea Theopista, shangazi yake Primus. Alipoziona zile nywele, alizifunika kwa khanga yake.

"Kabla ya Primus kulikuwa na msichana," alinong'ona. "Alikufa angali ananyonya. Wakamzika kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba, wakamwambia mama yake asimtaje tena. Hakumtaja. Lakini sweta hili alilivaa hata tukishuka Kahe kwenye joto. Tulimcheka."

Alilifukia mwenyewe pale alipozikwa mtoto yule. Nikadhani yameisha.

Kwetu msichana wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba. Primus ameshamwambia mchungaji: Veronika. Gladness hataki. Anasema mtoto akilia usiku, kuna anayefika kitandani kabla yake. Mtoto hunyamaza, midomo ikicheza kama anayenyonya, na asubuhi hukataa ziwa la mama yake. Ameshiba.

Gladness ameniomba nimweleze Primus, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chumbani. Nimemwendea. Kila nikifungua mdomo, kitu chembamba kinanikaza koo.

"Shemeji, ulikuwa unasema?"

Natikisa kichwa.

Ubatizo ni Jumapili hii. Primus amenichagua kuwa mama wa ubatizo. Mchungaji atakapouliza jina la mtoto, ni mimi ninayetakiwa kulitamka.

Jana, nikiwa peke yangu nyumbani, nilijaribu kutamka jina jingine. Sauti haikutoka.

Nikajaribu Veronika.

Lilitoka vizuri kabisa... ila sauti haikuwa yangu.