Huyo "Se" Ni Nani?

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na mshonaji akaondoka na karatasi zisizo zake. Alifuata michoro ya magauni, akajikuta ameshika mistari ya *me lo, te lo, se lo*.

"Hizo zangu, dada," alisema kijana mrefu aliyemkimbilia nje, mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi. "Nafundisha Kihispania."

"Basi umepatikana. Nina wateja Wahispania, tunaongea kwa vidole tu."

Akajiandikisha jioni ile ile. Mwalimu yule alijua kazi yake, asikwambie mtu. Hata somo lililowatoa jasho wanafunzi wote alilifanya tamu.

"Kitenzi chetu cha Kiswahili hubeba mtendwa mmoja tu," alieleza. "Husemi 'nimekimpa'. Unasema 'nimempa', kitabu kinabaki nje. Mhispania hubeba wote wawili, mpokeaji kwanza, kitu baadaye: *te lo doy*, nakupa hicho. Ila *le*, yaani 'yeye', na *lo* hazikai pamoja. *Le* inageuka *se*. *Se lo doy*, nampa hicho."

"Huyo *se* ni mwanamume au mwanamke?" mshonaji aliuliza.

"Yeyote yule."

Mshonaji alimtazama akifuta ubao, chaki imemjaa mikononi, akajua amekwisha. Kufikia mwezi wa nne wa masomo, simu kati yao zilikuwa hazikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

Siku moja aliwahi darasani, akamsikia mwalimu akiongea kwa simu kwenye ukumbi: "*¿El anillo? Se lo di ayer.*"

Pete? Nilimpa jana. Jana! Mshonaji alitazama vidole vyake vitupu, akageuza njia. Siku tatu hakupokea simu. Alishona mikono ya gauni kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Siku ya nne mwalimu aliingia chumba cha ushonaji, shati limekunjamana.

"Nimekukosea nini, laazizi?"

"Huyo *se* ni nani?" alijibu bila kusimamisha cherehani. "Nilikusikia kwenye simu. Pete ulimpa nani?"

Mwalimu akajitupa kwenye kiti cha wateja. "Mama yako."

Cherehani ikanyamaza.

"Nilimwomba akupime kidole ukiwa usingizini. Leo ananiambia ameshindwa, mwanawe analala amekunja ngumi. Rafiki yangu aliponiuliza, nikamjibu kwa Kihispania ili hata ukisikia usielewe."

"Na wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilifundisha vizuri mno." Akatoa pete mfukoni. "Nimepita kuichukua. Haijapimwa, huenda ikabana. *¿Te lo doy?* Nikupe?"

Somo la kuamrisha, ambamo vijineno vyote viwili hung'ang'ania mkia wa kitenzi, lilikuwa la wiki ijayo. Mshonaji alikuwa amejisomea mwenyewe, katika siku zile zile tatu za hasira.

"*Dámelo*," alisema, akanyoosha kidole. "Nipe, nimesema."