Nitue, Mwanangu

Simu ya Revocatus iliingia saa kumi na moja jioni, Shamimu akiwa anakusanya spana zake kibandani kwake, mtaa wa Ng'ambo.

"Shami, kigari kimenizimikia. Njoo na tesita yako ya umeme, fanya hima. Niko njia ya zamani, karibu na korongo."

Shamimu alitaka kukataa. Kigari hicho kilikuwa kimemkaa kooni miezi miwili sasa. Ni kweli, Revocatus ndiye aliyechomelea vyuma, akakifunga injini ya pikipiki na matairi mapana ya kupita porini. Lakini waya zote, kuanzia betri hadi taa ya mwisho, alizitandaza Shamimu akiwa amelala chali chini ya fremu hadi mgongo ukafa ganzi. Wote wawili walifundishwa kazi na marehemu Mzee Awadhi, na mzee mwenyewe alikuwa akisema kwamba kwenye umeme, Shamimu hana mpinzani. Halafu siku mtu alipokuja kumrekodi Revocatus kwa simu, jamaa akatabasamu na kusema, "Nimekiunda peke yangu."

Peke yangu!

Mji mzima uliiona ile video. Hata mama yake Shamimu aliiona, akamwonyesha bintiye. "Mwone mwenzio alivyo na akili."

Alikwenda hata hivyo. Na kama angeulizwa ukweli, angesema alikwenda kumtazama Revocatus akiaibika.

Bodaboda ilimshusha barabara ilipoishia, akashika njia kwa miguu. Hapo ndipo walipopita wapagazi wa misafara kwenda Ujiji, enzi hizo. Siku hizi hupita wachunga ng'ombe na wabeba mkaa tu. Jua lilikuwa limeshazama nusu.

Revocatus alikuwa amechuchumaa kando ya kigari chake chekundu, mikono imejaa vumbi.

"Afadhali umekuja. Kilikuwa kinakwenda vizuri, mara taa zikafifia, kikakata. Nikibonyeza stata inagonga tu, ka-ka-ka. Na keshokutwa Masolwa anakuja kukichukua akabebee asali yake porini. Nitamwambia nini?"

Shamimu alichuchumaa kando yake. Akapima betri: imejaa. Akatazama fyuzi: nzima. Akagusisha ncha moja ya tesita kwenye upande chanya wa betri, nyingine kwenye fremu. Taa ya tesita haikuwaka.

Akajua.

Waya mweusi wa ethi, ule unaounganisha betri na fremu, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Revocatus alikuwa ameifungua nati yake, akapaka fremu nzima rangi nyekundu ili ipendeze, kisha akairudishia nati palepale. Rangi haipitishi umeme; kilikuwa kikienda kwa mguso mdogo tu wa nati, hadi mitikisiko ya njia ilipoilegeza. Ni kazi ya kukwangua kwa kisu na kukaza, dakika mbili basi.

Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Sioni kitu," alisema. "Labda betri imekufa ndani kwa ndani. Nenda kaazime ya pikipiki kwa Ngollo."

Ngollo aliishi ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa. Revocatus hakubisha. Alikimbia, shati likimpepea, na Shamimu akakaa kwenye kiti cha kigari akimtazama hadi alipopotea kwenye kona. Akasikia utamu. Tena utamu kwelikweli. Akachomoa waya zote mbili za betri, ili mwenzake akirudi amkute yumo kazini.

Ndipo nyenje waliponyamaza.

Wote kwa pamoja.

Harufu ikaja kwanza... tumbaku mbichi, jasho, na kamba iliyolowa maji. Kisha nyayo. Taratibu... nzito... za mtu aliyechoka.

Taa ya kigari ikawaka.

Shamimu alitazama mkono wake. Waya za betri zilikuwa bado humo mkononi.

Ndani ya mwanga ule alisimama mwanamke aliyejifunga kaniki. Kichwani alikuwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa magome ya mti, mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. "Mwenzio umemtuma mbali."

"Amefuata betri."

"Betri ni nzima."

Shamimu akazificha waya nyuma ya mgongo.

"Hata mimi nilikuwa na mwenzangu," mwanamke alisema. "Mizigo yote nilikuwa naifunga mimi, wake na wangu. Tukifika kambini, anasifiwa yeye. Tulipofika kwenye korongo hili nikaona kamba yake imelegea."

"Ukamwambia?"

"Nilinyamaza. Kama wewe. Akaangukia humo na mzigo wake, na tangu siku hiyo naubeba mimi."

Upepo haukuwapo, lakini kaniki ilitikisika.

"Nitue, mwanangu. Shingo imechoka."

Mtu mwenye mzigo kichwani akikuomba umtue, unamtua. Humuulizi ametoka wapi. Mikono ya Shamimu iliinuka yenyewe kabla akili yake haijakataa. Vidole vikagusa magome.

Yalikuwa ya moto.

Na yalikuwa yakipanda na kushuka, polepole... yakipumua.

Kisha kutoka ndani ya mzigo, sauti anayoijua ikaita.

"Shami?"

Sauti ya Revocatus.

Alirudisha mikono kwa nguvu, akaanguka chali. Mwanamke alimtazama bila hasira.

"Basi. Nitamwomba mwenzio."

Akageuka, akashika njia ya kwenda korongoni. Taa ikazimika.

Shamimu hakumbuki vizuri alivyofanya. Anakumbuka kisu, na vipande vya rangi nyekundu vikimwingia chini ya kucha. Alikwangua hadi chuma kikang'aa, akakaza nati, akarudisha waya za betri, akabonyeza stata. Injini iliitika mara moja. Alikiendesha kigari kama mwehu, kikiruka mashimo, huku akiita jina la Revocatus.

Alimkuta chini kabisa, katikati ya korongo kavu.

Alikuwa amesimama wima. Mikono yote miwili ameiinua juu, ameshikilia kitu kichwani. Mishipa ya shingo imemtoka. Miguu imezama mchangani hadi vifundoni.

Kichwani hapakuwa na kitu.

"Shami," alinong'ona. "Nitue. Unaniua."

Alimwendea. Angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angejua. Akainua mikono kwenye ule utupu juu ya kichwa cha Revocatus, akashika.

Ulikuwa mzito. Mzito hadi mabega yakalia. Akaupokea, akayumba nao hatua mbili, tatu, na mara mikono ikawa mitupu. Revocatus alianguka kifudifudi mchangani, akilia.

Waliingia kigarini, wakaondoka. Walipopanda ukingo wa korongo, injini ilianza kuguna hata kwenye gia ya kwanza, ikasita kana kwamba kigari kimepakia magunia. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Walipoziona taa za mji ndipo Shamimu alipoongea.

"Niliiona ethi tangu mwanzo. Nilikutuma bure."

Revocatus alitazama viganja vyake. "Yule mama aliniomba nimtue, nikamtua. Kisha akanitazama akasema, huyu hajui hata nani aliyemfungia mzigo wake." Akafuta uso. "Shami... mzigo ule, uliuweka wapi?"

Shamimu aliongeza mwendo. Alikuwa hajui.

Masolwa alikuja siku ya miadi. Revocatus, mbele ya majirani wote waliojaa kibandani, akapaza sauti. "Umeme wote wa hiki kigari ni kazi ya Shamimu. Nilidanganya niliposema nimekiunda peke yangu. Waya hata mmoja sikuutandaza mimi." Watu wakampigia Shamimu makofi.

Miezi miwili alikuwa ameyatamani maneno hayo. Sasa hakuyasikia vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye springi za nyuma za kigari, zilizobonyea hadi chini.

Kigari kilikuwa kitupu.

Alimtazama Revocatus. Na yeye alikuwa akizitazama. Hakuna aliyesema kitu, na Masolwa akaondoka nacho, akipunga mkono.

Wiki ikapita. Jioni moja simu ya Shamimu ikaita, akaiweka spika. Alikuwa Masolwa, akipiga kutoka porini, mtandao ukikatikakatika.

"Fundi, umeme safi kabisa, nakushukuru. Ila hiki kigari ni kizito huku nyuma, na sijapakia hata ndoo. Kule kwenu kilikuwa hivi?"

Revocatus alisimama mbele yake na spana mkononi. Akatikisa kichwa, taratibu, kumwashiria akatae.

Shamimu aliisogeza simu mdomoni.

"Hapana, kaka," alisema. "Hakikuwa hivyo."

"Haya. Labda ni njia tu. Ngoja, nitakupigia baadaye..." Masolwa alicheka kidogo, akiiweka simu mbali na mdomo. "Habari, binti... aa, samahani, shikamoo mama, sikukuona vizuri. Ni nini hicho? Haya, lete, lete nikutue."

Simu ikakatika.