Roshani ya Chumba Namba Saba

— Nipe namba saba.

— Namba saba ina wageni, Fuensanta. Wafaransa, mtu na mkewe.

— Wahamishe.

Belén wa mapokezi alimtazama rafiki yake wa tangu shule, akaona macho yamevimba, akaacha utani. Hoteli yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya watu wasio matajiri wala wa kulala stendi: ua wenye kisima, miti miwili ya michungwa, vyumba safi, mkate wa kuchoma na nyanya asubuhi. Lakini mtu wa Córdoba kulala hotelini Córdoba, Alhamisi Kuu, na nyumba yake iko mitaa miwili nyuma, hilo lilitosha kuwalisha wambea mpaka Pasaka.

— Wewe unajua chumba hicho kimekuletea nini, alisema Belén kwa sauti ya chini. Mtaa mzima unakitaja.

— Ndiyo maana nakitaka. Belén, nakuomba. Jacinto hapokei simu. Nimekwenda kazini kwake, akatokea mlango wa nyuma. Nimekwenda kwa dada yake, nikafungiwa kizingitini. Mahali pekee ambapo hawezi kunikimbia ni chini ya sanamu ya Bikira atakayoibeba leo, na maandamano ya Bikira yanasimama hapa, chini ya roshani ile.

Belén alikuna kichwa kwa kalamu.

— Wafaransa wanalalamikia ngoma za maandamano tangu Jumapili. Nikiwapa chumba cha nyuma watanishukuru.

Akamsukumia ufunguo.

Ndani ya chumba Fuensanta alikaa ukingoni mwa kitanda na kumpigia tena mumewe. Simu iliita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa. Alikuwa Maricruz, dada yake Jacinto.

— Wifi, nipe niongee naye kidogo tu.

— Yuko anafungwa kilemba cha kubebea Bikira. Unataka nini?

— Nimweleze ukweli.

— Ukweli niliuona kwa macho yangu. Uliingia hoteli ile na Eladio, ukatoka na mashavu mekundu. Angalau ungechagua nyumba nyingine. Mama yetu alizaa watoto wake wote kwenye chumba kile, halafu wewe ukaenda kukifanyia uchafu. Huna aibu?

Simu ikakatwa.

Hapo ndipo penye kidonda. Kabla ya kuwa hoteli, nyumba ile ilikuwa ya wapangaji, familia kwa familia kuuzunguka ua, na namba saba kilikuwa chumba cha mama yake Jacinto. Kila Alhamisi Kuu, jukwaa la Bikira, linalobebwa na wanaume waliofichwa na mapazia chini yake, liliposimama pale mtaani ili wabebaji wapokezane, mama yule alitoka kwenye roshani akaimba saeta, wimbo wa kumlilia Bikira, peke yake, bila ngoma wala gitaa, na mtaa wote ukanyamaza. Kwanza alimwimbia mumewe aliyekuwa chini ya jukwaa, baadaye mwanawe.

Mama alifariki. Alhamisi Kuu ya mwaka jana Jacinto alirudi nyumbani na shingo imechubuka, akaketi jikoni, akalia.

— Tumesimama pale, Fuen, alisema. Hakuna aliyetuimbia. Tumenyanyua tukaondoka kama watu wa kubeba makabati.

Fuensanta alilibeba neno hilo moyoni. Yeye aliyekuwa hawezi hata wimbo wa kumbembeleza mtoto akaamua kujifunza. Na ni nani aliyezijua beti za yule mama? Mtu mmoja tu, Eladio, mwimbaji, aliyekulia chumba cha jirani katika nyumba ile ile. Mzuri wa sura, mtanashati, na sifa zake kwa wake za watu hazikuhitaji tarumbeta. Wakawa wanafanyia mazoezi namba saba, Belén akiwapa ufunguo kikiwa hakina mgeni, maana kuta zake ni nene na roshani ni ile ile. Ilitakiwa iwe zawadi ya siri.

Kisha Jacinto akaona ujumbe wa Eladio kwenye simu ya mkewe: "Kesho saa kumi jioni, chumba kile kile. Mumeo asijue."

— Nilikuwa najifunza saeta, Fuensanta alimwambia usiku ule ule. Ya mama yako. Nikuimbie.

— Wewe? Jacinto alicheka kicheko kibaya huku akijaza nguo kwenye begi. Wewe kuimba? Usimtaje mama yangu.

— Nisikilize basi. Sasa hivi.

Alifungua mdomo, na kwa hofu haikutoka hata sauti ya paka. Jacinto aliuvuta mlango nyuma yake. Ilikuwa wiki ya pili sasa.

Simu iliita tena, safari hii ni Eladio.

— Fuensanta, niende kwake nimweleze mwenyewe? Naapa mbele ya yeyote.

— Eladio, wewe ukiapa kwamba hukunigusa, hata padri atacheka. Kaa kwako.

— Basi ukifika mstari wa tatu usiukimbilie. Vuta pumzi. Ndipo unapovunjikaga.

Ngoma zilianza kusikika upande wa daraja. Ubani ukafika kabla ya watu. Fuensanta aliosha uso, akafungua milango ya roshani, akashika chuma kwa mikono miwili. Huko chini mtaa ulikuwa umejaa mpaka kwenye vizingiti, na nyuso zikaanza kuinuka moja moja. Aliona vidole vikinyooshwa. Alimsikia mwanamke mmoja akisema bila hata kujificha:

— Ni yeye. Karudi chumbani kwake.

Alitamani kurudi ndani na kujifungia, aondoke kesho, ahamie mji ambako hakuna anayemjua. Lakini akiondoka ameshakubali kosa, na Jacinto atakufa akiamini hivyo.

Jukwaa lilikata kona taratibu, mishumaa ikitikisika, Bikira akiwa na machozi yake ya kioo. Kiongozi wa wabebaji aligonga nyundo. Likasimama chini ya roshani. Pazia la pembeni likainuliwa, wanaume wakatoka wakiwa wamelowa jasho, na wengine wakasogea kuchukua nafasi zao. Kumbe Jacinto hakuwa chini. Alikuwa miongoni mwa hao wanaosubiri kuingia, kilemba cha gunia kichwani, na Maricruz pembeni yake akiwa na chupa ya maji. Aliinua macho. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu usiku wa begi.

Fuensanta aliimba.

"Bikira, tembea polepole,
wanao wamechoka chini..."

Mtaa ulinyamaza kimya. Jacinto hakusogea.

"Mmoja wao..."

Sauti ikakatika. Kuna mtu aliguna. Mwingine akacheka puani. Fuensanta alifumba macho na machozi yakamtoka, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaanza upya, si kwa uzuri bali kwa uchungu wote aliokuwa nao.

"Mmoja wao ni wangu,
nimekuazima, nirudishie nyumbani."

Alipofumbua macho, Jacinto alikuwa ameinamisha kichwa. Hakutoa ishara, hakutikisa hata mkono. Alimsogelea kiongozi, akamwegemea sikioni, kisha akajikunja na kuzama chini ya jukwaa. Pazia likaanguka.

Imekwisha, alijiambia Fuensanta. Alikuwa ameimba, amesikika, na mume wake ameingia gizani bila neno. Alishikilia chuma ili asianguke.

Kiongozi aligonga nyundo kuita wabebaji, kisha, kama ilivyo desturi, akainamia pazia kutaja mnyanyuo huu ni kwa heshima ya nani.

— Mnanisikia, wanangu?

— Tunakusikia, walijibu kutoka chini.

— Kuna ndugu yenu ameniomba niseme kwa niaba yake. Mnyanyuo huu ni wa mama yake, aliyekuwa akituimbia kutoka pale juu. Na ni wa mkewe, Fuensanta, aliyetuimbia leo beti za mama huyo. Anasema alimdhania vibaya. Anasema mtaa uliosikia aibu usikie na radhi. Wote kwa pamoja, mfikisheni Bikira mbinguni.

Nyundo ikagonga. Jukwaa likaruka juu kwa mkupuo mmoja, vinara vya mishumaa vikalia, na watu wakapiga makofi wakimtazama yeye, si Bikira. Maricruz alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Fuensanta hakungoja lifti. Alishuka ngazi akiwa peku, viatu mkononi, akaweka ufunguo mbele ya Belén.

— Warudishie Wafaransa chumba chao.

— Hulali?

— Nina kwangu.

Akapenya umati na kufuata ubavuni mwa jukwaa kama wanawake wenye nadhiri, nyayo zikigonga mawe yenye nta ya mishumaa. Maricruz alimpisha njia, akampa chupa ya maji.

— Atakuwa na kiu, wifi, alisema.

Katika kituo kilichofuata jukwaa lilishushwa. Mbebaji haoni kitu kule chini ila miguu ya watu. Pazia lilitikisika, mkono uliochubuka ukatoka, ukapapasa mawe, ukakishika kifundo cha mguu wa Fuensanta na kukikumbatia.

— Ni wewe? sauti iliuliza kutoka gizani.

— Ni mimi. Kunywa maji.