Vidonge vya Mung'aro

Jumamosi ile ya mwaka 1997, foleni ya wagonjwa wa malaria ilitoka kwenye chumba cha watafiti pale Makupa, ikapita duka la magodoro, ikaishia karibu na malori. Ndani alikuwa Ndinda, koti jeupe juu ya gauni la maua ya samawati, akitoboa watu vidole tangu saa mbili. Nambari ya hamsini na mbili akawa kijana mrefu mwenye buti za mpira, magamba ya samaki yamemganda hadi magotini, homa inamtikisa.

"Jina?"

"Kitsao. Wa kiwanda cha barafu ya samaki, Liwatoni. Ukiniona natetemeka usidhani nakuogopa wewe."

"Hujanijua bado. Lete kidole."

Damu ilipimwa mara mbili. Kwanza kama ina malaria, halafu kama itaistahimili dawa mpya iliyokuwa kwenye majaribio. Dawa yenyewe ilikuwa kali na ilikuwa ikiponya watu upesi, lakini wako ambao damu zao zimepungukiwa na kinga fulani, nayo ikiwaingia huvunja damu zao. Hao waliandikiwa dawa nyingine. Kitsao alikuwa mmoja wao.

"Kwa hivyo nimekataliwa," alisema.

"Dawa ndiyo imekukataa. Mimi sijasema kitu."

Jumatatu alirudi amepona, shati limepigwa pasi, mkononi samaki wawili aina ya changu ndani ya gazeti. Kufikia mwezi wa tatu kila Jumapili walikuwa Mji wa Kale, wanakunywa kahawa na kula kashata barazani, Kitsao akimwita roho yangu mpaka muuza kahawa akachoka kuwasikia.

Mvua za mwezi wa tano zilimrudishia Kitsao homa. Siku hiyo hiyo rafiki yake Mung'aro, aliyekuwa akibeba barafu naye, alikuwa ametoka kwa watafiti. Damu yake ilikuwa imefaa. Alimeza dozi ya kwanza mbele ya Ndinda, akapewa ya siku mbili aende nayo. Jioni akajiona mzima. Watu wa barafu hula sahani moja, huvuta sigara moja, na mwenye koti humvika mwenzake kabla ya kuingia chumba cha baridi. Mung'aro alimpa Kitsao vidonge vyote vilivyobaki, naye akavimeza.

Siku ya pili mkojo ulitoka mweusi kama kahawa, macho yakawa ya njano. Hospitali walimwongezea damu chupa mbili. Mamake, Mbodze, alipomuuliza amekula nini, alijibu kwa sauti ya mgonjwa, "Dawa za kina Ndinda." Hakuongeza neno.

Mbodze naye hakungoja neno la pili. Alishuka Makupa na majirani zake, akasimama mlangoni mwa watafiti. "Huyu Mkamba amenitilia mwanangu sumu. Nilimwambia asimchukue."

Daktari Kamaludin, mkubwa wa kazi, alimwita Ndinda pembeni. "Kijana ni mchumba wako, na dawa hii haiuzwi dukani. Mimi nifikirie nini?"

"Hesabu makopo."

"Yametimia. Lakini dawa ameipata kwa mtu. Kaa nyumbani. Alhamisi tutasikiliza, na jambo hili likikushika, kazi huna."

Jumanne simu ililia nyumbani kwa kina Ndinda, nyumba za reli. Kitsao alikuwa kwenye kibanda cha simu cha hospitali.

"Roho yangu."

"Roho yako iko wapi siku hizi? Mimi naitwa muuaji sokoni. Nani alikupa?"

Sarafu ikashuka. "Mung'aro. Nikimtaja watamtoa kwenye majaribio. Ni ndugu yangu, Ndinda."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe una masomo. Utapata kazi nyingine."

"Sikiliza, Kitsao. Kazi hii naitaka, na jina langu nalitaka. Usinipigie tena."

Akakata. Mama yake Ndinda alimshauri akaombe radhi ili mambo yaishe. "Radhi ya nini?" Ndinda aliuliza, akaanza kupiga pasi gauni lake jekundu.

Alhamisi aliingia kikaoni amelivaa, midomo imepakwa rangi, akakaa kiti cha mbele. Mbodze alisema yake yote. Kamaludin akamgeukia Ndinda. "Una la kujitetea?"

"Sina la kujitetea, maana sikukosa. Kitsao nilimpima mimi, na nimeandika kwa mkono wangu dawa hii asipewe. Mkitaka kunifukuza, andikeni sababu ya kweli na mtie sahihi."

Mlango ukafunguliwa. Kitsao aliingia akishika ukuta, macho bado ya njano, Mung'aro nyuma yake.

"Alinipa huyu, nikameza mwenyewe," alisema. "Nilijua nimekatazwa. Ndinda hana lake hapa."

"Usimfunike, mwanangu," alisema Mbodze. "Damu yetu haina kasoro."

"Damu hii mwana wa kiume huipata kwa mamake, mama. Wewe ulinipa, na wewe ulipewa na bibi. Si aibu. Wanasema ndiyo iliyotusaidia kuistahimili malaria. Aibu ni mimi kunyamaza siku tano."

Kamaludin alichana barua ya kumfukuza Ndinda aliyokuwa ameiandika. Mung'aro alitolewa kwenye majaribio. Mwenyewe alisema ni haki.

Nje, Kitsao alimshika Ndinda mkono. "Nikuoe."

"Leo hapana. Siku tano nilitukanwa peke yangu. Nawe kaa tano bila mimi. Ya sita uje nyumbani na mamako, na yeye ndiye aanze."

Siku ya sita walikuja. Mbodze alikuwa amevaa leso mpya. Alisimama kizingitini bila kuingia.

"Nilikuita muuaji mbele za watu," alisema. "Na hao watu nimeshapita nyumba kwa nyumba nikawaambia nilisema uongo. Nimebakisha wewe."

"Karibu ndani, mama," alisema Ndinda.

Kitsao alibaki uani, mikono hajui aiweke wapi. Ndinda alimwendea.

"Haya, niulize sasa."

Akauliza.

"Nitaolewa na wewe. Lakini siku ya kuniacha nisemwe peke yangu ikirudi, hutanikuta."

"Haitarudi."

"Mimi nimesema ikirudi."

"Nimesikia," alisema Kitsao, akainama kuvua viatu.