Bahari Haina Ukuta

"Mwenzako anakuja baadaye?" mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza, funguo bado mkononi mwake.

"Niko peke yangu, mama."

"Peke yako kwenye kitanda hiki?" Alikitazama kile kitanda kipana kama mtu anayepima shamba. "Basi lala katikati, mwanangu. Usijibanze pembeni."

Nilicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akafungua dirisha, na kicheko kikakatikia mdomoni.

Bahari.

Mimi kazi yangu ni kupima macho. Siku nzima niko kwenye chumba chenye giza, na mbali kabisa ninakoona ni ukutani, kwenye ubao wa herufi. Pale dirishani macho yalitafuta ukuta, hayakuupata. Maji yalikwenda, yakaenda, hadi yakashikana na mbingu. Macho yangu yakalegea, kama mabega yaliyotua mzigo. Sikujua kwamba yalikuwa yamechoka hivyo.

"Unalia?"

"Hapana, mama. Ni... ni kubwa."

"Ni kubwa," alikubali, akanyata nje na kunirudishia mlango.

Simu ikaita. Dada yangu.

"Uko wapi wewe?"

"Baharini."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Usinichekeshe. Kijana wa watu anakonda huku. Wajomba zake wanataka kuja kuposa, wanasubiri neno lako mpaka kesho jioni. Wewe umekwenda kuogelea?"

"Sijui kuogelea, dada."

"Ndiyo maana nauliza."

Kijana wa watu ni Fundi. Mimi napima macho chumba cha mbele, yeye anakata lenzi chumba cha nyuma. Wiki iliyopita alisimama katikati ya duka letu la miwani, wateja wamejaa, akaniuliza kama nitakubali anioe. Watu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nikakimbilia chumba changu cha giza, nikajifungia. Tangu siku hiyo tunapokezana miwani bila kutazamana.

Nampenda. Hilo halikuwa swali. Ila tangu mama yetu afariki sijawahi kukaa peke yangu hata wikendi moja, na niliogopa kwamba pengine namtaka kwa sababu tu naogopa nyumba tupu. Nilikuja kujipima.

Mchana ule nilikula peke yangu, mezani, bila kujificha nyuma ya simu. Nikatembea pekupeku. Wimbi likaja, likanizunguka miguu, likarudi likivuta mchanga chini ya nyayo zangu, na mimi nikabaki nimesimama. Kitu kikubwa vile hakikuwa na haja nami hata kidogo, na bado kilinigusa taratibu. Nilijiona mdogo sana. Udogo huo haukuniuma.

Ujumbe ukaingia. Fundi.

"Nisamehe kwa siku ile. Nilijua kabisa wewe si mtu wa makofi. Sidai jibu. Bahari ikoje?"

Nikaandika: "Haina ukuta."

"Basi tazama mpaka ushibe."

Hakuongeza neno. Niliusoma ujumbe ule mpaka skrini ikawa na chumvi.

Jumapili, baada ya chai, nilimpigia.

"Fundi."

"Dokta." Hunitania hivyo, ingawa mimi si daktari. Nyuma yake mashine ilikuwa inasaga.

"Uko kazini leo?"

"Nyumbani kuna wajomba. Lenzi haziulizi maswali."

"Nimejipima."

Mashine ikazimwa.

"Lenzi ya kwanza," nikasema, "ni mimi peke yangu. Nimelala katikati ya kitanda. Nimekula, nimecheka. Naona vizuri."

"Nimefurahi," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ya pili ni mimi na wewe."

"Na hiyo?"

"Zote sawa."

Mwanamume mwingine angekata simu. Lakini sisi ndivyo tunavyopima: unageuza lenzi huku, unaigeuza kule, unauliza ipi inaonyesha vizuri zaidi. Mtu akichagua moja, bado kuna kasoro, unarekebisha. Siku anayosema hakuna tofauti, ndipo unaacha kugeuza. Jicho limepata kipimo chake, halivutwi tena upande wowote.

Nikamsikia akipumua, kicheko kikija polepole.

"Kwa hiyo huji kwangu kwa woga."

"Siji kwa woga. Nakuja kwa sababu nataka."

"Dokta, mgonjwa akisema zote sawa, tunafanyaje?"

"Tunaandika kipimo, tunampa fundi."

"Basi kimenifikia. Niwaambie wajomba waje?"

"Waje. Ila wasipige makofi."

Nilipokuwa narudisha funguo, mama mwenye nyumba alinitazama usoni muda mrefu.

"Ulilala katikati?"

"Katikati kabisa, mama."

"Vizuri," akasema. "Sasa hata ukimsogezea mtu nafasi, utakuwa umemsogezea yako."