Fundi Injini Mwenye Sauti Nyororo

"Fundi Injini ni nani?"

Nilimuuliza kwa kunong'ona, maana kwenye msitu wa ndege hata ugomvi unafanywa kwa kunong'ona. Nyuma yetu wageni walikuwa wanapanda kilima huku wakihema, darubini zikiwagonga vifuani. Mbele yangu mchumba wangu alikuwa amebeba begani ile darubini kubwa ya miguu mitatu. Hakugeuka.

"Nakuuliza wewe. Fundi Injini ni nani?"

Akaendelea kupanda kana kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Asubuhi ile, alipokuwa anawashusha wageni kwenye boti, aliniachia simu yake nimshikie. Ikatetemeka mkononi mwangu. Sikupekua, nisisingiziwe bure. Ujumbe wenyewe ulijileta kwenye kioo, na aliyeutuma alikuwa ameandikwa Fundi Injini:

"Jumatatu usikose, nakusubiri. Na mchumba wako umeshamwambia? Utamficha mpaka lini?"

Fundi wa injini gani huyo anayejali mchumba wa mtu kaambiwa nini? Nikajitenga nyuma ya mawe, nikaipiga ile namba kwa simu yangu.

"Haloo?"

Sauti ya mwanamke. Nyororo, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kubembeleza. Nikakata. Nikarudi, nikamrudishia simu yake.

Ningekuwa na moyo wa kupuuza, ningepuuza. Lakini wiki moja kabla, mwanaume huyu alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye kochi akitazama viatu vyake, akasema harusi yetu iahirishwe. Mama akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Sababu ninazo, Mama," akaaga. Tangu siku hiyo sikuwa nalala vizuri, nikiwaza ana mwanamke mwingine.

Kazini wanamwita Sikio. Sisi wengine tunatafuta ndege kwa macho mpaka shingo zinauma. Yeye alikuwa anafumba macho tu, kisha anasema, "Yule pale, nyuma ya lile jani lililotoboka. Jike." Safari zetu za visiwani zinauzwa kwa jina lake. Yeye anaongoza mbele, mimi nafunga msafara nyuma, asipotee mgeni. Siku ile niliacha nafasi yangu nikamfuata, na yeye hata kunijibu hakutaka.

"Binti," akaninong'oneza mgeni mmoja, mwalimu mstaafu aliyevaa kofia pana kama ungo. "Mko salama nyie wawili?"

"Salama, Mwalimu."

"Haya. Mimi nimekuja kwa ajili ya kidenenda wenu tu. Mkitaka kuachana, muachane baada ya kidenenda."

Kidenenda wa kisiwa kile ni kadege kadogo, hakapatikani mahali pengine popote. Kanaimba kwa sauti nyembamba sana, kama tairi la baiskeli linalovuja. Usipokasikia, hukaoni, kwa sababu rangi yake ni ileile ya majani.

Tulipofika juu, Sikio akainua mkono. Wote tukasimama.

"Sasa ni kusubiri," akasema taratibu. "Hapa ndipo kwake. Akiimba tu, nitawaonyesha."

Tukasubiri. Kidenenda akaimba.

Mwalimu akaniangalia macho yakimetameta. Mgeni mwingine akainua darubini yake. Sikio hakutikisika.

Kidenenda akaimba tena, safari hii karibu kabisa, juu ya kichwa cha Sikio.

"Vumilieni," Sikio akasema, akiangalia upande mwingine. "Ataimba sasa hivi."

Wageni wakatazamana. Mmoja akaanza kutabasamu akidhani ni mzaha. Mimi nikakumbuka jinsi siku hizi anavyonikazia macho mdomoni ninapoongea. Simu anaziweka spika. Ukimwita kutoka jikoni haji, mpaka umguse.

Hakuwa amenipuuza pale njiani. Hakunisikia.

Nikapita katikati ya wageni, nikamshika kiwiko, nikamgeuza taratibu na kunyoosha kidole. Alikifuata kidole changu kwa macho. Kufumba na kufumbua akawa ameshamwona ndege, ameshaisimika darubini, amesogea pembeni.

"Mwalimu, karibu. Wahi."

Mwalimu akainama, akachungulia, akaanza kulia waziwazi bila hata kuvua kofia. Wengine wakapanga foleni wakisukumana kama watoto. Sikio hakuniangalia hata mara moja.

Tuliporudi ufukweni, wageni wakakaa kivulini kunywa chai. Yeye alikuwa karibu na boti amenipa mgongo, anafuta vioo vya darubini. Nikasimama nyuma yake. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nakuacha."

Akaendelea kufuta.

"Umesikia? Nakuacha leo."

Akapuliza vumbi kwenye kioo. Machozi yakanitoka. Nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Tangu lini?"

Akaniangalia usoni, na akajua kwamba ninajua.

"Tangu mvua zilizopita. Sauti nyembamba ndizo zilizoanza kuondoka. Daktari anasema na nyingine zitafuata, hajui kwa kasi gani."

"Na Fundi Injini?"

"Nesi wa kliniki ya masikio."

"Kwa nini umemwandika fundi?"

"Ningemwandika nesi, ungeuliza."

"Na ulivyomwandika fundi nikadhani una mwanamke!"

"Afadhali hivyo."

"Afadhali?"

"Ungenichukia, ungeondoka, yakaisha. Hili la masikio ungebaki kwa kunihurumia. Mimi sitaki mke wa huruma. Wewe ulimpenda Sikio. Sikio mwenyewe ndiye huyo anayeondoka."

Hasira niliyoisikia, ningekuwa karibu na maji ningemtumbukiza.

"Nani kakwambia nilipenda masikio? Masikio yenyewe yamesimama kama vishikio vya sufuria! Nilikupenda kwa sababu hujawahi kumcheka mgeni asiyemwona ndege. Unamsubiri mpaka amwone. Mimi ndiye umeshindwa kunisubiri. Umenihukumu, umenifungia mlango, halafu unaniambia ni kwa faida yangu."

"Nisamehe."

"Sijamaliza! Wiki nzima nimelala na mwanamke wa kufikirika katikati ya kitanda changu. Unajua nimemvalisha nguo ngapi mimi yule?"

Akataka kucheka, akaishia kulia. Sikuwahi kumwona analia. Nikamshika uso kwa mikono yote miwili ili asikwepe.

"Nioe, au niambie usoni hunitaki. Sababu nyingine siipokei."

"Nakutaka. Lakini kazi je? Mwongoza watalii wa ndege asiyesikia ndege?"

"Mpigie bosi umwambie. Sasa hivi."

"Akinifukuza?"

"Atufukuze wote wawili."

Akapiga, akaweka spika. Akaeleza yote.

"Kidenenda leo mmemwona?" bosi akauliza.

"Tumemwona. Mchumba wangu kamsikia, mimi nikamtafuta kwa macho."

"Basi kesho tembeeni wote wawili mbele, nyuma mtaweka mpishi. Mkirudi tutaongea. Siahidi kitu, Sikio. Lakini umefanya vizuri kusema."

Haikuwa ahadi. Kabla sijasema neno, simu yangu ikaita. Mama. Nikaweka spika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fundi cherehani yuko hapa, anataka kurudisha kitambaa cha gauni. Akate au asikate? Na uniambie ukweli, huyo kijana ana mwanamke?"

"Hana, Mama. Ana tatizo la masikio. Anaacha kusikia kidogokidogo."

Mama akavuta pumzi ndefu.

"Ndicho kinachomfanya akimbie harusi? Baba yako masikio anayo mazima mawili, na tangu nimeolewa hajawahi kunisikia. Nipe niongee naye."

Nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe. Mwambie fundi akate."

"Sikusikii, mwanangu! Mtandao mbaya!"

"Akate kitambaa, Mama."

"Unasemaje?"

Mwanaume huyu kazi yake yote ni kunong'ona. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akipaza sauti kisiwani, hata siku nyoka alipompitia mguuni. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"AKATE! NAMUOA!"

Ndege wote waliokuwa ufukweni wakaruka kwa mkupuo mmoja, wakatanda juu ya maji. Mwalimu akasimama na kikombe chake cha chai mkononi, kofia imemwangukia puani.

"We kijana!" akafoka. "Wale nilikuwa bado sijamaliza kuwatazama!"